Nyoka na Dagaa wa Darasa la Pili

Siku za mbalamwezi mitumbwi ya dagaa haiingii ziwani, kwa kuwa taa za wavuvi hazifui dafu mbele ya mwezi, na wanawake wanaonunua na kuanika dagaa ufukweni Kibirizi hupata siku nne tano za kukaa nyumbani. Ilikuwa katika siku hizo, mwezi wa nane mwaka jana, Agnesi Ntahondi alipotoka jikoni kumwaga maji akamkuta binti yake Frida amelala kifudifudi uani. Mtoto alikuwa amejiinua kifua kwa mikono, shingo kainyoosha, macho kayakodolea ukuta wa jirani, na anatoa mlio wa sss katikati ya meno.

Agnesi alimwita. Frida hakugeuka. Akamwita tena kwa nguvu zaidi, ndipo mtoto akazungusha kichwa.

"Unafanya nini hapo chini?"

"Mimi ni nyoka, mama."

Frida alikuwa na miaka saba, yuko darasa la pili katika shule moja ya msingi mtaani kwao Buzebazeba, umbali wa nyumba kumi na tano hivi kutoka kwao. Alieleza bila wasiwasi kwamba shuleni wanakuwa nyoka kila siku baada ya hesabu. Wanakuwa mti pia, wanasimama kwa mguu mmoja. Wanakuwa paka. Mwisho wanakuwa dagaa mchangani, wanalala chali, wanafumba macho, hakuna anayesema neno. Aliyewafundisha ni mwalimu wao wa darasa, Mwalimu Yasmini.

Agnesi akauliza kama mwalimu amewakataza kuyasema hayo nyumbani. Frida akasema hapana. Lakini kabla ya kusema hapana aliangalia chini, akachora kitu kwenye vumbi kwa kidole, na mama yake aliliona hilo.

Inafaa ieleweke kwamba Agnesi hakuwa mtu wa kutafuta ugomvi. Alikuwa mtu wa kukagua. Miaka tisa ya kununua dagaa kwa beseni ilimfundisha kutumbukiza mkono mpaka chini, maana juu huwekwa dagaa wakavu wanaong'aa, na chini hukaa mchanga na waliolowa. Mume wake, dereva wa lori, alikuwa njiani wiki tatu katika kila mwezi, kwa hiyo ukaguzi wa nyumba nao ulikuwa wake. Na kanisani kwao, kanisa dogo la walokole karibu na barabara, nyoka hakuwa mnyama wa kuigizwa na mtoto.

Mitumbwi iliporudi kazini, alimweleza Révérienne, mwanamke aliyeanika dagaa pembeni yake. Révérienne alizaliwa Burundi, akakulia kambi ya wakimbizi, akaolewa na mtu wa Simbo, na alikuwa mkubwa kwa Agnesi kwa miaka kumi hivi. Alisikiliza huku akigeuza dagaa kwa ufagio wa njukuti, kisha akasema hata kambini mambo kama hayo yalikuwepo. Walikuja wageni na filimbi na mpira, wakawapanga watoto kwenye mistari, wakawafundisha kunyoosha mikono na kuvuta pumzi. Watoto walifurahi. Baada ya majuma kadhaa wageni wale wale wakarudi na karatasi, wakaanza kuuliza mtoto yupi hana baba, yupi anaota ndoto mbaya, yupi anaishi na nani.

"Labda walikuwa watu wema," Révérienne alisema. "Mimi mpaka leo sijui, sha, mwenzangu. Ninachojua ni kwamba ukishamlaza mtoto chini na kumfumba macho, atakwambia kila kitu."

Maneno hayo Agnesi aliondoka nayo. Jioni alianza kumhoji Frida kidogo kidogo, akimsuka nywele, kwa sauti ya mtu asiyejali. Akapata kwamba kuna pozi moja zaidi ambalo Frida hakulitaja mwanzo: wanapiga magoti, wanainama mpaka paji la uso linagusa sakafu, wanakaa hivyo wakihesabu pumzi kumi. Mkono wa Agnesi ukasimama kwenye nywele. Mwalimu Yasmini alikuwa binti wa Ujiji, Mwislamu, anavaa hijabu. Basi ndicho kitu chenyewe, Agnesi alijiambia. Nyoka na paka ni dagaa wa juu ya beseni.

Kesho yake alichukua sweta la Frida, ambalo mtoto hakulisahau bali mama mwenyewe alilificha, akaenda nalo shuleni saa nne kasoro. Madirisha ya lile darasa yalikuwa na nondo tu, bila vioo. Agnesi hakubisha mlangoni. Alisimama pembeni ya dirisha la nyuma, kwenye kivuli cha paa, akachungulia.

Watoto walikuwa mia na kumi na wanane. Idadi ilikuwa imeandikwa kwa chaki juu ya ubao. Madawati yalikuwa yamesukumwa ukutani. Wote walikuwa wamelala chali sakafuni, bega kwa bega, miguu ya mstari mmoja ikigusa vichwa vya mstari mwingine, wameanikwa kweli kama dagaa. Na walikuwa kimya. Agnesi alikuwa na uhakika angekuta kelele, maana watoto watatu tu wa jirani yake humtoa mtu akili. Watoto mia na kumi na wanane hawanyamazi hivyo hivyo. Alisikia mpaka kuku wa nyumba ya mwalimu mkuu wakipekua majani.

Mwalimu Yasmini alikuwa akitembea kati ya mistari, viatu kavivua, anasema kwa sauti ya chini kwamba jua linapanda, mchanga una joto, hakuna haraka. Alikuwa msichana mwembamba wa miaka ishirini na sita au saba. Hakumgusa mtoto yeyote. Hakuinama kwa yeyote. Kisha akafika kwa Frida, mstari wa tatu, akachuchumaa. Akamwekea mkono kichwani, akamsogezea mdomo kwenye sikio la kulia, akamnong'oneza maneno. Frida akatikisa kichwa kukubali, macho yamefumba. Mwalimu akanyanyuka, akaendelea na safari yake, na kwa mtoto mwingine hakusimama tena mpaka mwisho.

Agnesi aliondoka na sweta mkononi. Mchana alimuuliza Frida mwalimu alimwambia nini sikioni. Frida alimtazama, akasema, "Ananiambia tumelala bado, nisiamke." Jibu lilikuwa dogo mno kwa jambo lile, na Agnesi hakuliamini.

Mtu wa kwanza aliyempelekea habari alikuwa Mzee Mwinshehe, fundi cherehani wa Ujiji ambaye mjukuu wake alisoma darasa hilo hilo, tena mjumbe wa kamati ya shule. Agnesi alimwendea makusudi. Alitaka kuona Mwislamu atamteteaje Mwislamu mwenzake. Akamwamkia, akaketi kwenye benchi ya wateja, akaeleza habari ya kuinama na paji la uso.

Mzee Mwinshehe aliacha kukanyaga cherehani. Alisema kuinama huko yeye hakukusikia, ila mjukuu wake anasimama kwa mguu mmoja na kuunganisha viganja kifuani, hivi, kama wanavyofanya watu kanisani. Majuma mawili yote alikuwa akijiuliza ni padri gani amemshawishi yule mwalimu. Walitazamana. Kila mmoja alikuwa na mshukiwa wake, na washukiwa hawakufanana. Hilo lilipaswa kuwapunguzia shaka, lakini liliongeza. Mzee alisema kitu kinachofanana na dini zote mbili pengine ni cha dini ya tatu.

Walienda pamoja kwa mwalimu mkuu, Mwalimu Wilfred, mtu mnene mwenye adabu nyingi. Aliwapokea vizuri, akawapa viti. Lakini waliposema tu jina la Yasmini, na kabla hawajamaliza, akaanza kujibu. Alisema ni mazoezi ya viungo, yamo kwenye mtaala, darasa limejaa mno na watoto wadogo hawawezi kukaa saa tatu bila kujinyoosha, na tangu yaanze hata kusoma kumepanda. Akasema hakuna sababu ya jambo hili kufika kwa afisa elimu kata. Agnesi hakuwa amemtaja afisa elimu kata. Alikuwa hajamfikiria kabisa.

"Tunaomba kikao cha wazazi," akasema.

Mwalimu Wilfred alisema wiki ijayo ina mambo mengi. Mzee Mwinshehe akasema wao wana nafasi hata keshokutwa.

Kikao kilifanyika Alhamisi mchana, ndani ya lile lile darasa, wazazi kama arobaini wamejikunja kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu. Mwalimu Yasmini alisimama mbele, mikono nyuma. Watu walizungumza kwa zamu, halafu bila zamu. Baba mmoja alisema binti yake amegoma kula samaki kwa kuwa yeye mwenyewe ni dagaa, na wachache wakacheka, lakini kicheko hakikuenea. Wakristo walitaka kujua habari ya kusujudu. Waislamu walitaka kujua habari ya viganja.

Mwalimu Yasmini alijibu bila kupandisha sauti. Alisema mazoezi hayo yanaitwa yoga, asili yake ni India, na kule wapo wanaoyafanya kwa ibada. Yeye aliyapata kwenye simu, katika video za walimu wa watoto wadogo, akachukua viungo tu, akaacha maneno yote. Majina aliyabuni mwenyewe ili watoto wayaelewe. Dakika tano baada ya hesabu, dakika tano kabla ya kwenda nyumbani. Akasema kama kuinama kunawakera wazazi atakuondoa, na viganja ataviondoa, na nyoka pia.

Alikubali haraka mno. Agnesi aliona vilevile, kama pale ofisini, kwamba walimu hawa wawili walikuwa wanatoa vitu vya juu upesi upesi ili mtu asitumbukize mkono. Akasimama.

"Mimi nina swali moja, Mwalimu. Watoto wakilala, kwa nini unamnong'oneza mwanangu peke yake?"

Yasmini aliangalia upande wa Mwalimu Wilfred, na Mwalimu Wilfred akatazama saa, akasema wazazi wengine wametoka mbali, labda suala la mzazi mmoja lizungumzwe ofisini. Yasmini naye akasema kwa sauti ya chini kwamba angependa kumjibu Mama Frida nje.

"Hapa," Agnesi alisema. "Kama ni jambo jema, na hawa walisikie."

Yasmini alitoa mikono nyuma, akaishika mbele, akaitoa tena, kama hajui pa kuiweka.

"Frida hasikii vizuri sikio la kushoto," akasema. "Akifumba macho hajui kama wenzake wameamka au bado, anaogopa. Ndiyo maana namwambia kwenye lile lingine." Kisha akaongeza, na sauti ilikuwa imebadilika, "Sikio hilo nimeliumiza mimi, Mama Frida. Mwezi wa pili. Nilimpiga kofi."

Alieleza yote, akiwa amesimama pale pale. Ilikuwa siku ya joto, watoto wanapiga kelele tangu asubuhi, fimbo imevunjika, na yeye amepaza sauti mpaka koo limeuma. Frida alikuwa karibu, wala hakuwa mkorofi kuliko wengine. Kofi lilitua vibaya. Damu kidogo ilitoka sikioni. Alimpeleka kwa mwalimu mkuu, na ilikubaliwa kwamba mzazi ataambiwa mtoto alianguka wakati wa kucheza. Frida aliombwa asiseme. Yasmini alikaa siku tatu bila kwenda kazini, na aliporudi hakushika tena fimbo, lakini darasa lilikuwa halishikiki, ndipo akaanza kutafuta kwenye simu namna nyingine ya kuwatuliza watoto.

Agnesi aliikumbuka siku ile. Aliambiwa mtoto ameanguka, akashukuru, tena akampelekea Mwalimu Wilfred kilo mbili za dagaa kwa kumwangalizia mwanawe. Alikumbuka usaha uliotoka sikioni mwezi wa tatu, na dawa ya matone aliyonunua duka la dawa. Alikumbuka mara zote alizomwita Frida akachelewa kugeuka, na makofi mawili matatu ya mgongoni aliyompa yeye mwenyewe kwa ukaidi huo.

Darasa lililipuka. Baba mmoja alitaka polisi. Mama mwingine akasema kofi ni kofi, nani hapa hakupigwa shuleni. Mwalimu Wilfred alikuwa akisema jambo kuhusu busara na mazingira ya kazi, na hakuna aliyekuwa akimsikiliza. Agnesi aliokota mkoba wake, akatoka. Hakulia mpaka alipofika nyumbani, na hata hapo alilia akiwa anaosha sufuria, ili kusiwe na muda uliopotea.

Siku iliyofuata alimpeleka Frida hospitali. Alipofika kwenye benchi la kusubiri alimkuta Mwalimu Yasmini ameshakaa hapo tangu saa moja, amewashikia namba. Agnesi alichukua ile namba bila kusema ahsante, akakaa upande wa pili, mtoto katikati. Frida aliwashika wote wawili mikono, kisha akaona kuna jambo, akaiachia.

Waliingia wote watatu, na daktari aliangalia sikio kwa taa ndogo, muda mrefu. Alisema ngozi ya ndani ina tundu. Matundu ya namna hiyo mara nyingi huziba yenyewe katika majuma machache kama sikio litawekwa kavu. Hili halikuziba kwa kuwa maji yameingia na kuleta uchafu, tena si mara moja.

"Nani alimruhusu mtoto huyu kuogelea?" akauliza.

Frida aliogelea Kibirizi kila Jumamosi, akimsubiri mama yake amalize kazi. Agnesi ndiye aliyemruhusu. Alimjibu daktari hivyo, kwa maneno mawili, halafu akageuka akamtazama Yasmini. Hakumtazama kwa sababu ya kofi. Kofi lingeweza kupona, kama angeambiwa. Yasmini alielewa, maana aliinamisha kichwa na hakukinyanyua mpaka daktari alipomaliza kuandika dawa.

Njiani kurudi mwalimu alijaribu kusema samahani. Agnesi alimkatiza.

"Uliogopa kuniambia, ukaenda kuwafundisha kulala. Mimi ningejua ningefunga sikio la mwanangu kwa pamba."

"Ndiyo, mama," Yasmini alisema. "Ni kweli."

Jumatatu Agnesi alikwenda kwa afisa elimu kata, yule ambaye Mwalimu Wilfred alimtaja kabla ya kuulizwa. Alipeleka majina yote mawili. Révérienne alimshauri ataje moja tu, la mwanamume, kwa kuwa binti alikiri, lakini Agnesi alisema kukiri mwezi wa nane si sawa na kukiri mwezi wa pili. Mambo yalikwenda kwa mwendo wa ofisi. Mwalimu Wilfred alihamishwa mwezi wa kumi, kwenda wapi wazazi hawakuambiwa. Mwalimu Yasmini alipewa barua ya onyo, akaachwa na darasa lake, kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa kuwachukua watoto mia na kumi na wanane.

Kuhusu yale mazoezi, kamati ilikuwa tayari kuyafuta. Mzee Mwinshehe alituma ujumbe kwamba neno la Mama Frida ndilo litakalosikilizwa. Agnesi alimuuliza mtoto mwenyewe, akimtia matone, kichwa cha mtoto mapajani, sikio la kushoto juu.

"Ukiwa dagaa unapata nini?"

Frida alifikiri. "Wote wananyamaza," akasema. "Wakinyamaza namsikia mwalimu. Wakati mwingine siku nzima simsikii, mama, nasikia kelele tu."

Agnesi alimaliza matone, akaziba sikio kwa pamba, akakaa na jibu hilo usiku mzima. Asubuhi akampelekea mzee masharti yake. Mazoezi yabaki, bila kuinama, bila viganja, bila nyoka. Frida akae mbele kabisa, sikio la kulia likielekea ubao. Na wazazi wawili wawili wakae ndani ya darasa kwa zamu, kila wiki, bila kutoa taarifa.

Zamu yake ya kwanza iliangukia siku za mbalamwezi za mwezi wa kumi na moja. Alikaa nyuma, kwenye dawati lenye mguu mmoja mbovu, pamoja na Mzee Mwinshehe aliyekuwa ameleta kitambaa cha kushona pindo. Mwalimu Yasmini aliwaamkia wote wawili, na Agnesi akaitikia kama anavyoitikia salamu ya muuzaji asiyemjua. Watoto walifanya hesabu. Walikuwa mti, wengine wakaangukiana. Walikuwa paka. Frida alikuwa mbele, na alisimama kwa mguu mmoja muda mrefu kuliko wote wa mstari wake.

Kisha mwalimu akavua viatu, akasema sasa wote tulale, tufumbe macho, na wageni wetu pia wanaweza kufumba wakipenda. Mzee Mwinshehe aliweka sindano chini, akafumba. Baada ya muda kidogo pumzi zake zikaanza kusikika. Darasa lote lilitulia, na upepo wa ziwani ukapita kwenye nondo za madirisha.

Agnesi hakufumba. Alimfuata mwalimu kwa macho, mstari kwa mstari, akitazama mikono yake.